Fundi wa Nyumbani: Disjonkta ya Inveta, na Kosa Nililolifanya Kwa Simu

Mwezi uliopita niliahidi kuandika juu ya maji ya betri. Mnisamehe, ahadi hiyo naisogeza mbele, manake kuna jambo limenikuta na siwezi kulinyamazia. Tena watu watatu wamenisimamisha kwenye foleni ya maji wakiniuliza swali lile lile: nikinunua inveta, niweke disjonkta ya ngapi?

Wanaosoma vitabu vya Tanzania na Kenya wanaiita sakiti breka. Sisi tuliotoka Goma tumezoea disjonkta, na hapa nitaandika disjonkta ili mama zetu wasidhani naongelea kitu kipya.

Kisa chenyewe kimetokea Bugeshi. Kwa wale waliofika juzi, Bugeshi ni sekta ya wilaya ya Rubavu, huko juu chini ya volkano, ukitoka mjini Gisenyi unapanda mpaka masikio yanaziba. Ni nchi ya viazi na pareto, na upande wa pili wa mashamba ni Kongo. Mke wa marehemu kaka yangu ameolewa na kubaki huko na watoto. Mwaka 2021, usiku ule wa tarehe 22 Mei Nyiragongo ilipopasuka, na watu wa Goma wakamiminika huku kwa miguu, nyumba yake ilijaa wageni mpaka jikoni. Mmoja wa wageni hao alikuja amebeba plake ya sola kichwani na mtoto mgongoni. Godoro aliliacha, plake aliichukua. Wengine walimcheka, lakini usiku wa pili wote walikuwa wanapanga foleni kwake kuchaji simu.

Hapo ndipo shemeji alipopata wazo la biashara. Akaanza na simu, akaongeza mashine ya kunyolea, na mwaka jana mtoto wake mkubwa, ambaye ni mtoto wangu pia, akanunua inveta ya wati 1000 na betri mbili za volti 12. Akafungua saluni ya wanawake kwenye chumba cha mbele. Betri aliziweka chumba cha nyuma zisiibiwe. Inveta akaiweka saluni, ukutani, wateja waione. Katikati akapitisha waya wa milimita 6 ndani ya ukuta wa mbao, mita tatu hivi, na karibu na inveta akafunga disjonkta ya ampea 32 aliyoinunua duka la vifaa vya ujenzi, ile nyeupe ya kawaida ya nyumba.

Ikawa kila akiwasha mashine ya kukausha nywele, disjonkta inaanguka kabla kichwa cha kwanza hakijakauka. Akanipigia simu.

"Baba mdogo, hii kitu inazimaka yenyewe. Wateja wananicheka."

Nilikuwa na haraka. Nilimuuliza ya ngapi, akasema 32. Nikamwambia, "Hiyo ni ndogo kwa inveta ya elfu moja, weka kubwa zaidi." Nikakata simu. Ndugu wasomaji, sikumuuliza waya ni wa ngapi. Sikumuuliza disjonkta iko wapi. Mimi ninayewaandikia kila mwezi jinsi ya kuchunga nyumba zenu.

Akaweka ya 63. Haikuanguka tena, na wote tukafurahi. Wiki ya tatu, siku ya Ijumaa ambayo kesho yake kuna harusi, wanawake walikuwa wengi, mashine imewaka karibu jioni nzima. Saa mbili usiku mdogo wao wa kike akasema ukuta unanuka. Waya zilikuwa zimelainika ndani ya mbao, ngozi ya plastiki imeyeyuka, waya chanya na waya hasi zikagusana. Disjonkta haikuanguka hata wakati huo. Kijana alikimbilia chumba cha nyuma akang'oa kichwa cha betri kwa koleo na gunia, kiganja kikaungua. Ukuta ulizimwa kwa maji ya kufulia. Watoto wawili wadogo walikuwa wamelala upande wa pili wa ukuta huo huo.

Nilipanda Bugeshi siku ya pili yake, baada ya kupata ruhusa ya kutoka. Shemeji hakunilaumu. Alinipa chai, akaniwekea ule waya mezani, akasema tu, "Shemeji, niambie kilichotokea." Basi haya ndiyo niliyomwambia, na nawaambia ninyi.

Kwanza, disjonkta kazi yake ni kulinda waya. Wengi tunafikiri inalinda inveta, au inalinda televisheni. Hapana. Inveta ina akili yake ya kujilinda ndani. Waya hauna akili, unapokea unachopewa mpaka unaungua. Kwa hiyo namba ya disjonkta inakaa kati ya namba mbili: lazima iwe kubwa kuliko umeme ambao mashine zako zinavuta, na lazima iwe ndogo kuliko, au sawa na, ule ambao waya wako unaweza kubeba. Kama huwezi kupata namba inayokaa katikati, tatizo si disjonkta. Ni waya mwembamba, au mzigo mkubwa. Hapo ndipo mimi nilipokosea: disjonkta ya 32 ilikuwa inasema ukweli, na mimi nikasema inyamazishwe.

Sasa tupige hesabu, chukueni kalamu. Wengi wanaona inveta ya wati 1000 inatoa volti 230, wanagawanya 1000 kwa 230, wanapata ampea nne na kidogo, wanasema disjonkta ya 6 inatosha. Hiyo ni sawa kwa upande unaotoka. Upande unaoingia, wa betri, ni volti 12 tu. Nguvu ile ile kwa volti chache inataka ampea nyingi. Ni kama kumwaga pipa moja la maji kwa mwinuko mdogo, lazima bomba liwe nene.

Mashine ya kukausha nywele ya shemeji ni wati 800. Gawanya kwa 12, unapata 67. Lakini inveta nayo inakula kodi yake njiani. Za bei yetu hii nazihesabu kwamba katika wati 100 zinazoingia, zinatoka 85. Kwa hiyo 67 gawanya kwa 0.85, ni karibu ampea 78. Waya wa milimita 6 tunauhesabu kwa ampea 40 hivi. Mmeona? Waya ulibebeshwa karibu mara mbili, jioni nzima.

Na mbona ya 63 haikuanguka kama umeme ulikuwa 78? Hili fundi wengi hawalijui, na mimi nilikuwa nalijua nikalisahau siku hiyo. Disjonkta haianguki papo hapo ukivuka namba iliyoandikwa. Zile ndogo za nyumba, kanuni zake za kimataifa zinataka ivumilie mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima bila kuanguka, na iwe imeanguka ndani ya saa moja ikifika mara 1.45. Katikati ya hapo ni bahati. Ya 63 mara 1.13 ni 71, na mara 1.45 ni 91. Umeme wa 78 uko hapo hapo katikati. Inaweza kukaa saa nzima inakutazama tu.

Tena waya mwembamba na mrefu unakula volti. Mita tatu kwenda na mita tatu kurudi ni mita sita za shaba. Kwa ampea 78, zaidi ya volti moja ilipotea njiani, na ilichopotea ni joto. Nilipiga hesabu mbele ya shemeji: wati 100 hivi zilikuwa zinachemka ndani ya ukuta wa mbao. Ni kama ungefunga taa kubwa ya zamani ya wati 100 ndani ya ukuta ukaifunika, watoto wakalala pembeni.

Sasa lile la mwisho, kwa nini haikuanguka hata waya zilipogusana. Hapo ndipo shemeji alipoweka kikombe chini. Disjonkta inaona umeme unaopita ndani yake tu. Ilikuwa saluni, karibu na inveta. Shoti ilitokea ukutani, kati ya betri na disjonkta. Umeme ulitoka betri, ukafika ukutani, ukarudi betri. Haukupita kwa disjonkta hata kidogo. Ungeweka hata ile ya dhahabu, isingesaidia. Mlinzi amesimama mlango wa mbele, mwizi ameingia jikoni na kutoka jikoni.

Kwa hiyo disjonkta ya betri, au fyuzi ya betri, inakaa karibu na kichwa cha chanya cha betri, shubiri moja au moja na nusu, si zaidi. Waya wote unaobaki baada yake ndio unalindwa. Lakini pia usiifunge ndani ya sanduku moja lililozibwa na betri za maji. Betri hizo zikichaji zinatoa hewa ya hidrojeni, na disjonkta ikikata inatoa cheche. Iweke nje ya sanduku, kwenye ubao, pembeni au chini kidogo, maana hewa hiyo inapanda juu.

Naona mtu anasema, haya fundi, tuambie basi namba. Tuje kwenye namba.

Unachukua wati za inveta yenyewe, zile za kudumu, siyo zile kubwa wanazoandika kwenye boksi kwa maandishi mekundu. Inveta nyingine imeandikwa 2000 lakini ukisoma chini kwa maandishi madogo utakuta 1000 za kudumu, 2000 ni za kuanzia mashine kwa muda mfupi sana. Gawanya hizo wati kwa volti ya betri ikiwa imechoka, siyo ikiwa imeshiba. Kwa betri ya 12 mimi natumia 10.5, kwa sababu inveta nyingi zinajizima karibu na hapo. Kisha gawanya kwa 0.85. Kisha zidisha kwa 1.25, ili disjonkta isifanye kazi kwenye ukingo muda wote. Chukua saizi inayofuata juu. Halafu, na hili ndilo nililolisahau kwenye simu, tafuta waya unaoweza kubeba zaidi ya namba hiyo ya disjonkta.

Inveta ya wati 300, hizi ndogo ambazo wengi hapa mnazo: 300 kwa 10.5 ni 28.6. Gawanya kwa 0.85 ni karibu 34. Mara 1.25 ni 42. Disjonkta ya ampea 50, waya wa shaba wa milimita 10 mfupi, na ukipata 16 ni bora zaidi.

Inveta ya wati 1000 kwa betri ya 12: 1000 kwa 10.5 ni 95. Kwa 0.85 ni 112. Mara 1.25 ni 140. Disjonkta ya 150, na waya wa milimita 50, mnene kama kidole gumba cha mtoto. Bei ya mita moja ya waya huo muulize mwenye duka ukiwa umekaa. Ndiyo maana nasema inveta ya 1000 juu ya volti 12 ni ndoa ya mashaka. Inveta ile ile ikiwa ya volti 24, ambapo betri mbili zinafungwa kwa mfululizo, ampea zinakuwa nusu: 56, mara 1.25 ni 70, disjonkta ya 80 na waya wa milimita 25. Shemeji alikuwa na betri mbili tayari! Lakini inveta yake ilikuwa ya 12, na huwezi kuilisha 24, utaiua siku hiyo hiyo.

Kama karatasi ya inveta yako inasema namba ya fyuzi au disjonkta, fuata karatasi, niache mimi na hesabu zangu. Wengi karatasi hiyo tunawashia mkaa.

Sasa habari ya aina. Umeme wa betri na wa plake ni mkondo mnyoofu, DC, unakwenda upande mmoja bila kupumzika. Umeme wa Cash Power na ule unaotoka kwa inveta ni mkondo geu, AC, hapa Rwanda ni volti 230, na unageuka geuka: mara 100 kila sekunde unapita kwenye sifuri. Disjonkta inapofunguka ndani, kunakuwa na cheche kati ya vyuma viwili, kama radi ndogo. Kwa mkondo geu, cheche hiyo inakufa yenyewe umeme ukipita kwenye sifuri. Mkondo mnyoofu haupiti kwenye sifuri kamwe. Cheche inaweza kuendelea kuwaka, inayeyusha vyuma, na wewe unaona kidude kimeshuka chini unafikiri imezima.

Niseme ukweli wote, nisiwatishe bure. Kwa betri moja ya volti 12, cheche ina nguvu ndogo ya kujivuta, na kuna viwanda vizuri ambavyo disjonkta zao za nyumba zimeandikwa katika karatasi kwamba zinaruhusiwa pia volti kadhaa za DC. Kama imeandikwa, sawa. Kama haikuandikwa, usikisie. Lakini mahali ambapo jambo hili linaunguza watu kweli ni kwenye plake zilizofungwa kwa mfululizo. Niliona jengo moja huko huko milimani, plake nne kubwa za volti 40 hivi kila moja ikiwa haina mzigo, zimefungwa moja nyuma ya nyingine, yaani volti 160, na fundi ameweka disjonkta ya nyumba ya AC. Siku walipoishusha mchana, jua kali, haikuzima. Ililia kama mafuta kwenye kikaango, kisha plastiki ikaanza kuwa kahawia. Mtu mmoja mwenye akili alipanda juu akafunika plake kwa blanketi. Hiyo ndiyo iliyowaokoa.

Kwenye disjonkta tafuteni herufi DC, au alama ya mstari mmoja mnyoofu na chini yake mstari wa vipande vipande. Ile yenye alama ya wimbi ni ya AC. Angalieni pia volti za DC ilizoandikiwa ni ngapi, maana ya 60 haiwezi kazi ya 160.

Kuna nyingine za DC zimeandikwa + na − kwenye vichwa. Hizo zina sumaku ndani inayosukuma cheche kwenda mahali pa kufia. Ukifunga kinyume, sumaku inaisukuma cheche upande usiofaa, na disjonkta ya DC inaungua kama ile ya AC. Kwa plake kwenda kwa kontrola, umeme unakwenda njia moja, hizo zinafaa ukifunga sawasawa. Lakini kama una inveta ile inayochaji pia betri, umeme unakwenda na kurudi, leo unatoka kesho unaingia. Hapo nunua isiyo na + na −.

Jambo jingine la kwetu huku ambalo halimo kwenye vitabu vya watu wa pwani. Disjonkta nyingi zimepimwa kwa kutumika mpaka mita 2000 juu ya bahari. Mjini Gisenyi, pale ziwani Kivu, ni kama mita 1460, hakuna shida. Bugeshi ni zaidi ya mita 2000. Huko hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi inashindwa kuzima cheche vizuri na kupoza vyuma vizuri. Kwa volti 12 haina neno. Kwa plake za mfululizo, chukua disjonkta yenye volti nyingi kuliko hesabu yako. Tena baridi ya asubuhi inapandisha volti za plake, kama 3 kwa kila 1000 kwa kila digrii moja chini ya 25. Asubuhi ya digrii 10, zile 160 zinakuwa 167. Mimi ningeweka ya volti 250 za DC, nilale.

Kwenye duka mtaona pia herufi B, C na D mbele ya namba. Hiyo ni subira yake kwa mshtuko wa ghafla: B inakata papo hapo umeme ukifika mara 3 mpaka 5 ya namba yake, C mara 5 mpaka 10, D mara 10 mpaka 20. Kwa nyumba yenye friji ndogo, C inatosha. Halafu kuna namba ndani ya kisanduku, kama 6000. Hiyo ni ampea za shoti ambazo inaweza kukata bila kupasuka yenyewe. Msiidharau. Betri moja kubwa ya gari ikipigwa shoti inaweza kutoa ampea elfu moja na zaidi kwa mara moja, na za lithiamu zaidi ya hapo. Zile disjonkta nyeusi za bei ya chini wanazouza kwa ajili ya redio za magari, nyingi hazina namba hiyo kabisa. Kama hupati disjonkta nzuri ya DC ya ampea kubwa, fyuzi nene ya bati ya kufunga kwa bulo ni bora kuliko disjonkta ya uongo. Ubaya wake ni mmoja tu, ikiungua unanunua nyingine. Na usiweke msumari!

Nalo jambo la waya wenyewe. Sokoni kuna waya umeandikwa 10 lakini shaba yake haifiki hata 6, kilichonenepa ni plastiki. Na kuna waya wa aluminiamu umepakwa shaba juu. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona nyeupe ndani, mrudishie mwenyewe. Bulo za disjonkta nazo zikazwe vizuri, kisha zikazwe tena baada ya wiki mbili. Bulo iliyolegea inachemka hata kama hesabu zako zote ni sahihi, na disjonkta haiwezi kuona joto la bulo ya upande wa pili wa nyumba.

Upande wa AC, unaotoka kwa inveta, nitapita haraka. Ya ampea 6 inatosha kwa inveta mpaka wati 1000. Ila jueni kwamba inveta ndogo haina nguvu ya kuiangusha wakati wa shoti. C ya 6 inataka ampea 30 mpaka 60 ili ikate papo hapo, inveta ya wati 1000 haiwezi kutoa hizo, itajizima yenyewe kwanza. Hivyo hapo disjonkta ni kama swichi. Lakini wale mlio na jamaa nje wenye Cash Power na inveta kwenye nyumba moja, ni lazima kuwe na swichi ya kuchagua, huku au huku, kamwe visikutane. Umeme wa Cash Power ukiingia kwa mlango wa kutokea wa inveta, inveta imekwisha. Na inveta ikirudisha umeme kwenye nguzo, fundi wa kampuni aliyepanda juu akiamini umeme umekatika anaweza kufa kwa sababu yako.

Mtu atauliza, na radi? Huku kwetu radi tunaijua. Disjonkta haizuii radi, bila kujali namba. Mvua kubwa ikija, chomoa.

Nimalize habari ya shemeji. Tulikaa tukahesabu pesa, na pesa za inveta ya 24 na waya mnene hazikuwepo. Kijana aliumia moyo, alitaka saluni iendelee. Mwisho shemeji ndiye aliyeamua. Inveta ya 1000 wameiuza kwa mtu mwenye gari, na mimi nilimwandikia mnunuzi karatasi ya waya na fyuzi anayotakiwa kuweka. Wakanunua ya wati 300. Tumeiweka chumba cha nyuma, mita moja kutoka kwa betri, waya wa milimita 16 kwa sababu ule wa 10 tuliouona dukani ulikuwa mwepesi mkononi. Disjonkta ya DC ya 50 iko shubiri moja kutoka kwa betri, kwenye ubao, nje ya sanduku. Kinachovuka ukuta kwenda saluni sasa ni waya wa volti 230, mwembamba, ndani ya bomba, na hauzidi ampea moja na nusu. Wananyoa, wanasuka, wanachaji simu. Kukausha nywele wameacha. Wateja wanakaa juani, na siku ya mawingu ya Bugeshi, ambayo ni siku nyingi, wanarudi nyumbani na kitambaa kichwani.

Kiganja cha kijana kimepona, kimebaki kovu. Pesa za disjonkta na waya nimelipa mimi, nusu mwezi huu na nusu mwezi ujao.

Ule waya ulioungua nimeshuka nao. Uko hapa kwenye meza ya jarida, umeshikana chanya na hasi kama mizizi. Mwenye inveta nyumbani apite auone, na aje na kipande cha waya wake tukipime. Jumanne na Alhamisi baada ya saa nane nipo. Yale maji ya betri tutayaongea mwezi ujao, Mungu akipenda.